Diribe Akata Tiketi ya Kushuka Ziwani

Jumamosi ile Diribe alifika kwenye kibanda cha tiketi hata Ayantu, msichana mkata tiketi, hajamaliza kufagia mlangoni. Alikuwa kavaa gauni lake jeupe la Pasaka, lile lenye pindo jekundu, na juu yake kajitanda shuka zito la pamba, maana asubuhi huku ukingoni mwa Wenchi, mlima wenye ziwa ndani yake, baridi haina adabu. Nywele kazipaka siagi mpaka zinang'aa. Mkononi kafumbata noti zake.

"Nikatie tiketi," alisema. "Ya farasi, kushuka na kupanda. Na ya mtumbwi."

Ayantu akacheka kidogo, akingoja mzaha uishe. Mzaha haukuisha. Nyumba ya Diribe ilikuwa mwendo wa dakika tatu kutoka hapo, na kwa miaka mingi alikuwa akikaa kwenye kigoda chake kando ya kibanda hicho hicho, akiwauzia watalii shayiri ya kukaanga.

"Lakini Mama Hirpa, tiketi ni za wageni."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe mwenyeji."

"Mwenyeji wa juu. Huko chini nina miaka kumi na saba sijakanyaga. Mtu asiyeingia mahali miaka kumi na saba, huyo si mgeni? Kata, mwanangu, usinipotezee asubuhi."

Wanaume waliokuwa wakifunga matandiko wakaacha kazi. Watu hawa, nawaambia, hawana kazi wanayoipenda kama kuacha kazi.

"Aba Boka!" wakaita. "Aba Boka, kimbia! Umepata mzungu!"

Kwetu Wenchi mwanamume mwenye farasi huitwa kwa jina la farasi wake. Hirpa, mtoto wa pekee wa Diribe, alikuwa na Boka, farasi wa kahawia mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, basi kijiji kizima kikamwita Aba Boka, yaani baba wa Boka, na jina la Hirpa likabaki la kutumiwa na mama yake na padri. Akaja mbio, hatamu begani.

"Mama, kuna nini?"

"Usiniite mama. Leo mimi mtalii. Watalii wako huwaitaje?"

Hirpa akajikuna kisogo. "Huwaita mheshimiwa. Nikiwa nataka bakshishi."

"Basi niite hivyo, na bakshishi usiiote."

Farasi wa Wenchi huenda kwa zamu, na mbele ya Boka kulikuwa na zamu tatu. Wenzake Hirpa wakasema bibi apande tu, atangulie. Diribe akakataa katakata. Alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, akawaacha wapite Wafaransa wawili na daktari mmoja kutoka Addis, mpaka zamu ya Boka ikafika. Hirpa alijua fika mama yake anakwenda kutafuta nini huko chini. Alikuwa na akili ya kutosha kujua, na akili zaidi ya kunyamaza.

Sasa ngoja nieleze, maana asiyejua atadhani bibi wa miaka sitini na tatu kapatwa na wazimu wa utalii.

Diribe alizaliwa kule chini, ndani ya shimo la mlima, kando ya ziwa, yeye na pacha wake wa kiume, Mirgisa. Tumbo moja, siku moja. Nimesikia ziko nchi ambako pacha huja na majina yao tayari, Kulwa katangulia, Doto kafuata, ubishi ukaisha kabla haujaanza. Wenchi hatukufanya akili hiyo. Aliyejua nani alitangulia ni shangazi yao aliyewazalisha, naye, Mungu amrehemu, alipenda asali kupita kiasi. Mirgisa akimpelekea asali, aliyetangulia alikuwa mvulana. Diribe akimpelekea, alikuwa msichana. Akafa na siri yake, midomo mitamu.

Utotoni ubishi huo ulikuwa mchezo. Uligeuka ugomvi mama yao alipofariki, wazee wakatamka kwamba farasi jike wa marehemu aende kwa mtoto mkubwa. Diribe akasimama. Mirgisa naye akasimama. Yakatoka maneno, yale ambayo watu wa tumbo moja tu ndio hujua pa kuyachomeka. Wazee walipochoka wakampa farasi padri wa kanisa la kisiwani. Diribe akarudi kwa mumewe ukingoni, akaapa hashuki tena mpaka mdogo wake apande kumwomba radhi. Mirgisa naye akaapa hapandi mpaka mdogo wake ashuke. Maana ndivyo tulivyo sisi: mdogo ndiye huenda kwa mkubwa, kashika nyasi mbichi mkononi, akainama magotini pake, akasema nisamehe. Mkubwa hatikisiki. Na hapo wakubwa walikuwa wawili.

Miaka kumi na saba! Hirpa, ambaye hushuka na kupanda kila siku na watalii, ndiye aliyekuwa mjumbe. "Mwambie mdogo wangu viazi vimekubali mwaka huu." "Mwambie mdogo wangu nimesikia." Mume wa Diribe alipofariki, Mirgisa alituma gunia la shayiri na mtungi wa asali, mwenyewe asionekane. Diribe alimlilia mumewe kama anavyoliliwa mume. Lile gunia lilimliza zaidi, na hilo hakulisema.

Wala hakusema kwamba kila asubuhi, kabla ya kukaanga shayiri, husimama nyuma ya nyumba pale ukingo unapokatika, akatazama ziwani mpaka aone mtumbwi ambao Mirgisa huvushia watalii, mdogo kama punje ya harage. Akishauona, ndipo huwasha jiko la kazi.

Juzi Hirpa akaleta habari mbaya. Magoti ya mjomba yamekwisha. Binti yake anakuja Jumatano kumchukua akakae naye mjini Ambo, na mtumbwi umeshapata mnunuzi.

"Hata kuniaga haji?" Diribe aliuliza.

"Naye ameuliza hivyo hivyo, Mama."

Alifikiri, akanuna, akafikiri tena, na kufika Ijumaa akawa amepata njia. Anayeshuka kuomba radhi ni mdogo, sawa. Lakini mtalii hashuki kuomba radhi, mtalii kalipa, anashuka kutazama. Na kama huko ziwani atamkuta mtu fulani na kafi lake, shauri ya mtu huyo! Hata hivyo, alfajiri alikata kishungi cha nyasi mbichi nyuma ya nyumba, akakificha kifuani chini ya shuka. Alijiambia ni cha farasi. Hakuna mtu Wenchi anayeweka chakula cha farasi kifuani, lakini alijiambia hivyo hivyo.

Hirpa akamsogeza Boka kwenye jiwe la kupandia. "Una hakika, Mama?"

"Nani mama?"

"Mheshimiwa, una hakika?"

"Nishike mguu, usinishike maneno."

Akapanda. Mara ya mwisho kukaa juu ya farasi ilikuwa kabla nywele hazijaota mvi, lakini mwili hauhitaji kukumbushwa. Mgongo ukanyooka wenyewe, visigino vikashuka, mkono ukaomba hatamu. Hirpa alizoea watalii wanaoshika tandiko kwa mikono miwili wakiomba Mungu wao, kwa hiyo alibaki kamtolea macho.

"Nini?" Diribe akauliza.

"Hakuna. Umekaa vizuri."

"Nilikuwa napanda farasi wewe hujawa hata wazo."

Njia ikaanza kuteremka, ikipinda huku na huku kwenye ubavu wa mlima, shamba la shayiri juu, viazi chini, na migomba yetu ile isiyozaa ndizi, tunayokula shina lake, imezunguka kila nyumba. Ukungu ulikuwa unajikunja na kuondoka, na ziwa likaonekana lote, bluu iliyokolea. Diribe akavuta pumzi. Alikuwa amelitazama kila siku kwa miaka kumi na saba, lakini sasa lilikuwa linamjia. Moyo ulimdunda kwa furaha na akaona haya kidogo, mwanamke wa umri wake.

Wanawake wakatoka milangoni. "Mama Hirpa! Kulikoni? Unakwenda wapi?"

"Natalii!" aliwajibu, na kidevu juu.

Vicheko vikamsindikiza mpaka kona ya tatu. Hapo akamgeukia mwanawe.

"Nieleze."

"Nikueleze nini?"

"Unavyowaeleza watalii. Nimelipa."

Hirpa akakohoa, akatoa sauti ya kazi. "Huu ni mlima wa moto. Zamani sana ulilipuka, kilele kikaporomoka ndani, ndipo likapatikana shimo hili, maji yakajaa."

"Zamani ya lini?"

"Maelfu ya miaka."

"Nani aliona?"

"Hakuna aliyeona, mheshimiwa. Wataalamu wamesoma kwenye mawe."

"Mawe yanasema maelfu ya miaka, na shangazi yangu ameshindwa kusema usiku mmoja." Akanyoosha kidole. "Na ule mwamba?"

Hirpa akasitasita. "Hapo huwaambia kwamba mfalme alimficha bibi arusi wake asitekwe."

"Muongo wewe! Hapo baba yangu alikuwa akificha mbuzi mtoza kodi akija."

"Watalii hawapendi mbuzi, Mama."

"Basi hawajui kitu."

Katikati ya mteremko kuna mahali farasi hashuki na mtu. Ni changarawe na udongo mweusi, na mvua ya juzi ilikuwa imepafanya pateleze kama sahani yenye mafuta. Hirpa akamshusha mama yake, akamwachia Boka atangulie mwenyewe, naye Diribe akafuata kwa miguu, mkono mmoja begani mwa mwanawe. Hatua ya kwanza salama. Ya pili salama. Ya tatu kiatu cha plastiki kikaenda zake na mwenyewe akaenda zake, akakaa chini pu! akateleza na gauni la Pasaka mita tano nzima, akapunguzwa kasi na kichaka.

"Mama! Umeumia?"

Mabega ya Diribe yalikuwa yanatetemeka. Hirpa akamkimbilia akidhani analia, kumbe ni kicheko, kimembana hata sauti haitoki. Alicheka mpaka akashika mbavu. Hirpa naye akaanza, akateleza, akaja kukaa karibu naye, na hapo wakawa watu wawili matopeni wanashindwa kusimama, Boka akiwatazama kutoka chini.

"Wafaransa nao hupita hivi hivi?" aliuliza Diribe alipopata pumzi.

"Wao hupiga mayowe kwanza."

Chini kabisa njia hufika kwenye uwanda wa majani, na pembeni kuna chemchemi ya maji moto. Hapo watu hupumzika. Diribe akavua viatu, akatia miguu majini, Hirpa akafungua chuko waliyofungasha, unga wa shayiri uliokandwa kwa siagi yenye viungo, wakala kwa vidole. Magoti yake yalikuwa yanalalamika lakini hakuyasikiliza. Alikuwa anaangalia matete ya ziwani, na nyuma ya matete, mtumbwi. Haukuwa tena punje ya harage. Alikuwa anaona mpaka kiraka ubavuni.

Akiwa amezama humo, akasikia pumzi ya joto shingoni na mvuto kifuani. Boka alikuwa ameingiza mdomo chini ya shuka.

"Ee! Ee! We mwizi!"

Kashachelewa. Kishungi chote kilikuwa kinaning'inia mdomoni mwa farasi, kinapungua. Hirpa akazitazama nyasi, akamtazama mama yake, akatazama mahali zilikotoka.

"Mama, hizo nyasi..."

"Za farasi."

"Basi zimemfikia mwenyewe."

Diribe akaona jani la mwisho likipotea. Ni kitu kidogo, kishungi cha nyasi, na uwanda mzima ulikuwa umejaa nyingine. Lakini zile alizikata gizani peke yake, asione mtu, wala nafsi yake isione sawasawa. Kuinama sasa akate nyingine mchana kweupe, mbele ya mwanawe, ilikuwa ni kukiri kwa kinywa. Ujasiri wote ukamwisha. Akaanza kuvaa viatu.

"Turudi."

"Turudi wapi?"

"Juu. Nimeshatazama. Ziwa nimeliona, zuri, nimeridhika."

"Tiketi hairudishwi, mheshimiwa."

"Sijali tiketi! Nikifika pale atasema nimeshuka. Atawaambia watu wote, mdogo wangu hatimaye kashuka. Nitaweka wapi uso wangu?"

Hirpa akaacha utani. Alichuchumaa mbele yake, akamfunga kamba ya kiatu cha pili, kisha akasema taratibu, "Mama. Jumatano."

Diribe akajipangusa tope usoni kwa ncha ya shuka, akasimama. Safari hii hakutaka farasi. Alitembea.

Mirgisa alikuwa amekaa juu ya gogo ufukweni, kafi kati ya miguu, akingoja zamu yake. Alipoinua macho, Diribe ndiye aliyeshtuka zaidi. Mtu aliyekuwa akimtazama kila asubuhi kutoka juu hakuwa na uso, kwa hiyo kichwani mwake alikuwa amembakizia ule wa zamani. Huyu alikuwa na nywele nyeupe pee na mgongo wa baba yao. Hakuna aliyemwambia kwamba Mirgisa amezeeka. Hata Hirpa hakusema, na angesemaje?

Mzee akajikongoja, akasimama. Akamwona dada mtu ana tope mpaka kiunoni.

"Mjomba," alisema Hirpa, "nimekuletea mgeni. Ana tiketi."

Mirgisa akaipokea tiketi, akaigeuza huku na huku, ingawa hajui kusoma. "Mgeni kutoka wapi?"

"Kutoka juu."

"Ni mbali," alisema Mirgisa.

"Mbali sana," alisema Diribe.

Ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka kumi na saba. Mirgisa akashika ubavu wa mtumbwi ili usicheze, na Diribe akaingia akakaa mbele, uso kwa uso na mwenye kafi. Hirpa akabaki ufukweni na Boka, akiuma kucha.

Walipotoka kwenye matete, Mirgisa akauliza, "Mgeni anataka maelezo au anataka kimya? Wapo wapendao kimya."

"Maelezo. Nimelipa."

"Vyema." Naye akatoa sauti ya kazi. "Kule mbele ni kisiwa chenye kanisa. Padri wa hapo aliwahi kupewa farasi jike mzuri sana. Bahati mbaya, padri alikuwa anaogopa farasi. Yule farasi akazeeka akila na kulala, hajapandwa hata siku moja."

Diribe akauma mdomo. "Na pale penye mawe yaliyoanguka?"

"Pale palikuwa na nyumba. Walizaliwa watoto wawili, wasumbufu."

"Wote wawili?"

"Mmoja alizidi."

"Yupi?"

"Hayo hayamo kwenye tiketi." Akapiga makafi mawili matatu, kisha akaacha mtumbwi uende wenyewe. Akainua kafi, akaonyesha ukingoni, juu kabisa. "Na kule, linapong'aa lile bati, anakaa mwanamke mmoja. Asubuhi huwasha moto. Mwenye mtumbwi akiuona moshi, hunywa kahawa yake. Asipouona, kahawa inapoa. Mwaka juzi moshi haukutoka siku tatu, wala mjumbe hakushuka. Siku ya nne mwenye mtumbwi akashika fimbo, akapanda kwa magoti haya mabovu mpaka kona ya tano, ndipo akauona. Akarudi."

"Alikuwa na homa ya mapafu, huyo mwanamke," alisema Diribe.

"Nilisikia. Kapona?"

"Kapona. Lakini kwa nini mwenye mtumbwi hakumalizia kona zilizobaki?"

"Mjinga," alisema Mirgisa. "Mwenye mtumbwi ni mjinga, mgeni. Waandikie na kwenu."

Machozi yakamtoka Diribe bila kuomba ruhusa, wala hakuyafuta. "Hata huyo mwanamke naye hana akili," alisema. "Nasikia kila siku hakaangi shayiri mpaka ahesabu mitumbwi."

Mtumbwi ukazunguka taratibu, upepo ukiurudisha kwenye matete. Wote wawili hawakuujali. Mwishowe Diribe akauliza lile lililomshusha mlima.

"Hao watoto wawili. Mkubwa alikuwa nani?"

Mirgisa akalilaza kafi miguuni. "Msichana," alisema.

Miaka kumi na saba alikuwa amelingoja neno hilo. Aliwahi kupanga hata atakavyolipokea, atakavyotikisa kichwa polepole, kwa heshima, kama mkubwa. Sasa amepewa, na akakuta halitaki kabisa. Neno lilikuwa chungu mdomoni mwa Mirgisa, na yeye ndiye aliyemlisha.

"Umekosea," alisema haraka. "Alikuwa mvulana."

"Mgeni hamfundishi mwongozaji. Msichana ndiye mkubwa, mvulana ni mdogo, na mdogo ndiye..." Akaanza kuinama.

"Koma! Usiiname! Mdogo ni mimi!"

"Shangazi mwenyewe aliniambia wewe..."

"Shangazi alisema lililotiwa asali! Mdogo ni mimi, na mimi ndiye niliyeshuka, tena kwa makalio, kama huamini tazama gauni!"

"Diribe, kaa chini!"

"Kaa wewe!"

Kila mmoja akayakimbilia magoti ya mwenzake kwa wakati mmoja. Vichwa vikagongana ko! kama vibuyu. Mtumbwi ukalala ubavu, ukafikiri kidogo, ukawamwaga.

Ufukweni Hirpa akapiga yowe ambalo hata Wafaransa hawajawahi kupiga. Lakini hapo palikuwa kwenye matete tayari, maji ya kiunoni. Wakaibuka wakitema maji, kila mmoja akijishika kwenye chochote kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni majani. Walipopata kusimama na kutazamana, mikono yote minne ilikuwa imejaa nyasi mbichi.

"Nisamehe," alisema Diribe.

"Nisamehe," alisema Mirgisa.

Na hata hapo, Hirpa anaapa, hakuna aliyetangulia.

Walikumbatiana humo humo majini, wanalia na kucheka, mpaka wenye mitumbwi wengine wakaja kuwatoa wakihofia baridi itawaua kabla hawajafaidi. Wakakaa chemchemini, katika maji ya moto, na mashuka ya kuazima, wakamaliza chuko yote na kutaka nyingine. Jua lilipokuwa limekausha nguo, Mirgisa akasema anataka kwenda kula uji mzito wa siagi nyumbani kwa nduguye. Leo, si kesho.

Tatizo, farasi ni mmoja.

"Panda," alisema Diribe. "Wewe ndiye mkubwa."

"Mkubwa wangu atembee, mimi nipande? Nimelelewa na nani?"

"Na magoti yako?"

"Na umri wako?"

"Umri wetu ni mmoja, we mzee!"

Walitembea kona mbili nzima hivyo hivyo, wanahema, wanabishana, na Boka anapanda mlima bila mtu kama farasi wa mfalme. Kwenye kona ya tatu Hirpa akasimama katikati ya njia, akawatanulia mikono.

"Nimechoka! Miaka kumi na saba nimebeba maneno yenu, mlikuwa mnagombea ukubwa. Leo mnagombea udogo. Sikilizeni, mimi ndiye mwongozaji hapa. Kila kona mmoja awe mkubwa, apande. Kona ifuatayo ashuke, awe mdogo, ashike hatamu. Asiyetaka alale hapa hapa na fisi."

Wazee wakatazamana. Ilikuwa haki. Mirgisa akawa mkubwa kona ya tatu, Diribe ya nne, na wakaenda hivyo, wanabadilishana kila mahali njia inapopinda. Mahali pa utelezi walipanda wote kwa miguu, wameshikana mikono, Hirpa akisukuma kutoka nyuma. Waliongea bila kupumua, habari za ng'ombe, za majirani waliokufa, za mume, za nani alikuwa akificha mbuzi mwambani. Wakaongea habari za Jumatano pia. Diribe hakumsihi abaki, maana aliyaona magoti. Alisema atakwenda Ambo kila mwezi. Mirgisa akasema hapana, yeye atarudi. Wakabishana na hilo.

Jua lilikuwa bado lipo walipofika kona ya mwisho. Zamu ilikuwa ya Mirgisa, kwa hiyo aliingia ukingoni juu ya farasi, katuna, na Diribe mbele yake kashika hatamu, gauni la Pasaka limekuwa rangi ya njia. Wanaume wa farasi wakaacha kazi tena. Wote walikuwa wanaijua habari ile, na wengine walikuwa wamezaliwa wakaikuta. Ayantu alitoka kibandani na funguo mkononi.

"Mama Hirpa," alisema, "umetuletea nani?"

Diribe akamtazama yeye, akawatazama wanaume wote mmoja mmoja, ili asije mtu akasema kesho hakusikia.

"Huyu ni mkubwa wangu," alisema kwa sauti ya kufika mpaka kanisani. "Nampeleka nyumbani akale."

Kutoka juu ya farasi Mirgisa akatikisa kichwa, macho yamejaa machozi.

"Msimsikilize," alisema. "Ni kona hii tu."